Thamani ya Mfungaji katika Mpira wa Kikapu: Pointi, Zamu na Ushindi

Swali la thamani halisi ya mchezaji anayefunga pointi nyingi limewagawa wachambuzi wa mpira wa kikapu katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba, kwa kuwa mechi huamuliwa kwa pointi, anayefunga nyingi ndiye anayeleta ushindi. Kambi ya pili hujibu kwamba pointi za mtu mmoja huficha mitupo aliyokosa, mipira aliyopoteza na wapinzani aliowaacha wapite, kiasi kwamba baadhi ya wafungaji mashuhuri hawakuzifaa timu zao kwa kadiri ya sifa walizovikwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila kambi hupima nusu ya jambo. Pointi hutokana na matumizi ya mali ya pamoja, yaani nafasi za kushambulia ambazo timu hugawiwa kwa idadi maalumu, na kwa hiyo thamani ya mfungaji haijulikani mpaka iulizwe nafasi hizo zingezaa nini mikononi mwa wenzake, na kuwapo kwake uwanjani kunawafungulia au kunawafungia njia gani wenzake hao.

Upendeleo wa watazamaji kwa pointi una sababu zake, na katika Afrika ya Mashariki sababu hizo zina uzito wa pekee. Mechi ya NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, inayoanza saa moja usiku mjini New York katika miezi ya baridi, huanza saa tisa usiku kwa saa za Tanzania. Mpenzi wa mchezo huo aliyeko Makangale, shehia ya wilaya ya Micheweni iliyo kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, huamka na kuikuta mechi imekwisha kuwa matokeo, na kinachomfikia mwanzo ni jina la aliyefunga zaidi. Hata mechi za nyumbani zina upungufu wa namna hiyo, kwa sababu karatasi rasmi ya mechi inayotumiwa chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, huandika kila pointi na mfungaji wake, faulo za kila mchezaji na mapumziko yaliyoombwa na makocha, lakini haiandiki mtupo uliokosa, wala ribaundi, ambayo ni mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa, wala pasi iliyozaa kikapu. Ligi isiyo na watu maalumu wa kukusanya takwimu hubaki na kumbukumbu moja tu ya ubora wa mchezaji, nayo ni pointi.

Zamu na gharama ya mtupo

Msingi wa uchambuzi wa kisasa ni dhana ya zamu ya kushambulia, yaani kipindi ambacho timu ina mpira mpaka ifunge, ikose na mpinzani akaudaka, au iupoteze kabla ya kutupa. Kwa kuwa zamu moja inapokwisha mpira huenda kwa upande wa pili, timu zote mbili hupata zamu zinazokaribia kulingana katika mechi moja, na ushindi huenda kwa ile iliyovuna pointi nyingi zaidi katika kila zamu. Dean Oliver, aliyeieneza dhana hii katika kitabu chake Basketball on Paper cha mwaka 2004, alitaja mambo manne yanayoamua mavuno hayo, ambayo ni ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, kudaka ribaundi na kupata mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo. Ufungaji wa mtu mmoja hauonekani katika orodha hiyo kama jambo linalojitegemea, bali umesambaa ndani ya mambo yote manne.

Gharama ya mtupo huonekana vizuri kwa hesabu ndogo ya kubuni. Mchezaji wa kwanza anafunga pointi 30 kwa mitupo 28 ya kawaida na mitupo huru 6, na wa pili anafunga pointi 20 kwa mitupo 12 na mitupo huru 6. Wachambuzi huhesabu mtupo huru mmoja kama asilimia 44 ya jaribio kamili, kwa kuwa mara nyingi mitupo hiyo huja miwili miwili katika zamu moja na mingine huja kama nyongeza baada ya kikapu kuingia. Kwa kanuni hiyo wa kwanza ametumia majaribio 30.64 na wa pili 14.64. Tofauti yao ni pointi 10 zilizogharimu majaribio 16, sawa na pointi 0.625 kwa kila jaribio la ziada, hali wastani wa timu ya kulipwa hupita pointi moja. Ikiwa majaribio hayo 16 yangepewa wachezaji wengine wenye uwezo wa kuvuna pointi 1.1 kwa kila moja, yangezaa pointi 17.6, na timu ya mfungaji wa 20 ingekuwa mbele kwa pointi zaidi ya 7, ingawa gazeti la kesho yake lingemsifu mfungaji wa 30.

Hesabu hiyohiyo huwatetea wafungaji wa kweli. Kobe Bryant alipofunga pointi 81 dhidi ya Toronto tarehe 22 Januari 2006, alitumia mitupo 46 na mitupo huru 20, yaani majaribio 54.8, na kuvuna takriban pointi 1.48 kwa kila jaribio, kiwango ambacho hakuna mgawanyo wa mitupo kwa wenzake ambao ungekifikia. Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 tarehe 2 Machi 1962, kwa mitupo 63 na mitupo huru 32, alivuna takriban pointi 1.30. Hivyo wingi wa mitupo peke yake si kosa. Kosa ni kutupa kwa mavuno yaliyo chini ya yale ambayo wengine wangeyapata. Katika nyavu zinazovutwa na wavuvi wengi, anayemnyanyua samaki na kumtia chomboni huonekana kuwa ndiye aliyevua, lakini mgawo wa haki hutazama pia aliyeshika usukani na aliyetandaza nyavu, bila kumnyima haki yake mnyanyuaji ambaye mkono wake hauteleziwi.

Chamberlain dhidi ya Chamberlain

Mfano wa kale zaidi wa mjadala huu haumlinganishi mchezaji na mpinzani wake tu, bali humlinganisha na nafsi yake. Katika msimu wa 1961–62 Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, rekodi ambayo haijakaribiwa, lakini timu yake ya Philadelphia Warriors iliondolewa na Boston katika mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Mashariki kwa tofauti ya pointi mbili, na tuzo ya Mchezaji Bora wa ligi ikaenda kwa Bill Russell wa Boston, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9 na ambaye nguvu yake ilikuwa katika ulinzi na ribaundi. Miaka mitano baadaye, akiwa na Philadelphia 76ers msimu wa 1966–67, Chamberlain alishuka hadi pointi 24.1 kwa mechi, akapandisha pasi zake za vikapu hadi 7.8, na timu ikashinda mechi 68 na kupoteza 13 kabla ya kutwaa ubingwa. Katika fainali iliifunga San Francisco Warriors ya Rick Barry, aliyekuwa kinara wa wafungaji wa msimu huo kwa wastani wa pointi 35.6.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba kufunga kidogo huleta ubingwa, lakini usomaji huo ni wa haraka mno. Chamberlain wa 1967 alizungukwa na wafungaji wazuri kama Hal Greer na Chet Walker, na hivyo kila zamu aliyoiachia ilikwenda kwa mtu aliyejua kuitumia. Kilichobadilika ni bei ya zamu aliyoitumia yeye mwenyewe, kwa sababu timu ilikuwa na njia nyingine nzuri za kuzitumia zamu hizo, na mfungaji yuleyule akawa na thamani ya namna nyingine.

Iverson, Mutombo na mizani ya mabadilishano

Allen Iverson ndiye aliyeubeba mjadala huu kuliko mwingine yeyote katika karne ya 21. Msimu wa 2000–01 aliongoza ligi kwa pointi 31.1 kwa mechi, ingawa mitupo yake iliyoingia ilikuwa asilimia 42 tu na mavuno yake kwa kila jaribio yalikaribiana na wastani wa ligi ya wakati huo. Alichaguliwa kuwa Mchezaji Bora, na timu yake ya Philadelphia ikafika fainali. Kinachosahauliwa ni kwamba Februari 2001 timu hiyo ilimleta Dikembe Mutombo, mlinzi mrefu aliyezaliwa Kinshasa, ambaye msimu huohuo alitwaa tuzo ya Mlinzi Bora wa ligi. Muundo wa kocha Larry Brown ulikuwa wazi: wachezaji wanne wa kukaba, kudaka na kukimbia, na mmoja wa kubeba mzigo wa kufunga. Katika timu ya namna hiyo, mavuno ya wastani ya Iverson yalikuwa na thamani iliyozidi wastani, kwa sababu wenzake wasingeweza kuibeba mitupo ile bila mavuno yao kushuka sana. Na ulinzi wa Mutombo nao ulikuwa na thamani zaidi kwa kuwa yupo mtu aliyeufanya upungufu wake wa kufunga usiigharimu timu.

Mwaka 2006 wanauchumi David Berri, Martin Schmidt na Stacey Brook walidai katika kitabu The Wages of Wins kwamba soko la wachezaji huzilipa pointi kupita kiasi, na Iverson akawa mfano wao mkuu. Tukio lililofuata lilionekana kuwaunga mkono. Novemba 2008 Denver ilimpeleka Iverson Detroit na kumchukua Chauncey Billups, mgawaji wa mipira ambaye hakuwahi kuwa kinara wa wafungaji. Denver, iliyokuwa imeshinda mechi 50 msimu uliotangulia, ilishinda 54 na kufika fainali ya kanda ya Magharibi, ilhali Detroit ilishuka kutoka mechi 59 hadi 39. Ushahidi huu ni mzito, lakini una mipaka yake, kwa kuwa Iverson alikuwa na umri wa miaka 33 na aliingia katika timu iliyokuwa na wafungaji wake tayari na iliyokuwa imempoteza mwongozaji wake. Mabadilishano hayo yaliupima ulingano wa mchezaji na mahali, na hayakumpima Iverson peke yake.

Memphis, Mtanzania na pande mbili za kosa

Kwa msomaji wa Tanzania, timu inayofaa zaidi kulichunguza swali hili ni Memphis Grizzlies. Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2009, Memphis ilimchagua katika nafasi ya pili Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa takriban mita 2.21, ambaye alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut msimu wa 2008–09, alizuia kwa wastani mitupo 4.2 ya wapinzani katika kila mechi na kuifikisha timu yake katika nusu fainali ya taifa. Nyuma yake waliachwa wafungaji wawili ambao majina yao yangekuja kutawala mjadala wa ufungaji: James Harden, aliyechaguliwa wa tatu na Oklahoma City, na Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba na Golden State. Thabeet alicheza mechi 224 za msimu wa kawaida katika NBA kwa wastani wa pointi 2.2.

Uamuzi huo husaidia kurekebisha kambi ya pili, ile inayowadharau wafungaji. Ulinzi wa Thabeet chuoni ulikuwa wa kweli, na haukuwa sifa tupu, lakini katika NBA mchezaji asiyetishia kufunga humpa mpinzani wake uhuru wa kumwacha na kwenda kusaidia kumkaba mwingine, na hivyo timu yake hushambulia kama watu wanne. Kutofunga nako kuna gharama isiyoandikwa katika takwimu, sawa na ile ya kufunga vibaya.

Februari 2011 Memphis ilimpeleka Thabeet Houston katika mabadilishano yaliyomleta Shane Battier, mchezaji ambaye miaka miwili kabla mwandishi Michael Lewis alimweleza kama nyota asiye na takwimu, kwa sababu pointi zake zilikuwa chache lakini wenzake walicheza vizuri zaidi alipokuwa uwanjani na wapinzani wakacheza vibaya zaidi. Wakati huohuo Rudy Gay, aliyekuwa na wastani wa pointi 19.8 kwa mechi, aliumia bega na kukosa sehemu yote iliyobaki ya msimu. Memphis, iliyoshika nafasi ya nane Magharibi, iliitoa San Antonio iliyoshika ya kwanza kwa mechi 4 dhidi ya 2. Haitakuwa haki kusema kwamba ilishinda bila mfungaji, kwa maana Zach Randolph alikuwa na pointi 20.1 kwa mechi msimu huo; kilichoonekana ni kwamba zamu za Gay zilipata watu wa kuzitumia, na ulinzi haukupungua.

Memphis ilifikia uamuzi wa wazi Januari 2013, ilipomwachia Gay aende Toronto ingawa alikuwa kinara wake wa pointi, huku mitupo yake iliyoingia ikiwa chini ya asilimia 41. Timu ilimaliza msimu na ushindi wa mechi 56 na kufika fainali ya kanda yake. Toronto nayo, baada ya kushinda mechi 6 na kupoteza 12 mwanzoni mwa msimu wa 2013–14, ilimpeleka Gay Sacramento, kisha ikashinda 42 kati ya mechi 64 zilizobaki. Mara mbili, katika muda usiofika mwaka mmoja, timu iliyomwondoa mfungaji huyo haikuanguka, na ya pili ilipanda. Wachezaji waliokuja kwa kubadilishana naye wana sehemu yao katika mafanikio hayo, lakini mfungaji ambaye mavuno yake yako chini ya yale ya wenzake anapozichukua zamu nyingi zaidi, kuondoka kwake hugawa upya mali ambayo timu ilikuwa nayo siku zote.

Thamani isiyoonekana katika mavuno

Hesabu ya mavuno kwa kila jaribio nayo haitoshi, kwa sababu mitupo haina ugumu sawa. Tangu mwaka 1954 NBA huipa timu sekunde 24 za kutupa, na zamu iliyokwama hadi sekunde za mwisho lazima imwendee mtu fulani. Mara nyingi mtu huyo ni mfungaji mkuu, ambaye hutupa mipira migumu ili mwenzake asiipoteze. Kadiri mchezaji anavyobeba sehemu kubwa ya mashambulizi, ndivyo mavuno yake yanavyoelekea kushuka, na anayetupa mara chache huchagua mitupo rahisi tu. Kumlinganisha mwenye mzigo mzito na mwenye mzigo mwepesi kwa kipimo kimoja ni kuwapunja wenye kubeba.

Pia yupo mfungaji ambaye huvuta walinzi hata asipoushika mpira. Curry, aliyeongoza ligi kwa pointi 30.1 kwa mechi msimu wa 2015–16 wakati Golden State iliposhinda mechi 73, hukabwa kutoka mbali na mara nyingi na watu wawili, na nafasi inayoachwa wazi huwa ya wenzake. Michael Jordan naye alikuwa kinara wa wafungaji katika misimu yote sita aliyotwaa ubingwa, na mfano huo unatosha kulivunja dai kwamba mfungaji mkubwa hawezi kushinda. Lakini Jordan huyohuyo alipokuwa na wastani wa pointi 37.1 msimu wa 1986–87, timu yake ya Chicago ilishinda mechi 40 na kupoteza 42. Ufungaji mkubwa uliweza kuishi na ushindi pale tu ulipopata wenzake wa kuupa maana.

Jonathan Kuminga, aliyezaliwa mwaka 2002 Goma, mji wa mashariki ya Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, anaonesha jinsi thamani hiyo inavyobadilika hata ndani ya wiki chache. Akiwa Golden State alikuwa na wastani wa pointi 16.1 msimu wa 2023–24, lakini kuelekea mwisho wa msimu uliofuata kocha alimweka benchi, kwa kuwa mashambulizi yalipita kwa Curry na Jimmy Butler, na mtu anayehitaji mpira mkononi ili afunge alibana nafasi za wengine. Curry alipoumia katika mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, Mei 2025, Kuminga alirudishwa na akafunga pointi 30 katika mechi ya tatu. Uwezo wake haukuongezeka katika siku hizo. Kilichoongezeka ni uhitaji wa timu wa mtu wa kujitengenezea mtupo. Hata hivyo Golden State iliipoteza mechi hiyo na kuondolewa, jambo linaloonesha kwamba pointi za mtu mmoja huziba pengo la aliyekosekana kwa sehemu tu.

Kupima mahali pasipo na takwimu

Maswali haya hayana budi kuulizwa pia katika ligi za Afrika ya Mashariki. Mashindano ya BAL, ligi ya mpira wa kikapu ya klabu za Afrika, yaliyoanza Kigali mwaka 2021, huandika takwimu kamili za kila mechi, na klabu kama City Oilers ya Uganda na Nairobi City Thunder ya Kenya zimeshiriki humo. Lakini sehemu kubwa ya mchezo wa kanda hii, Zanzibar ikiwemo, huchezwa mahali ambapo karatasi ya mechi ndiyo kumbukumbu pekee. Kocha wa mahali hapo anaweza kuongeza vitu viwili bila gharama kubwa. Cha kwanza ni kumpa mtu mmoja daftari la kuandika mitupo yote ya kila mchezaji, iliyoingia na iliyokosa, pamoja na mipira aliyopoteza. Cha pili ni kuandika matokeo yalivyo kila mchezaji anapoingia na anapotoka, ili ijulikane timu ilizidi au ilizidiwa kwa pointi ngapi akiwa uwanjani. Kipimo hiki cha pili huyumba sana katika mechi moja, kwa kuwa humhesabia mtu mema na mabaya ya wenzake wanne, na huanza kuaminika baada ya mechi nyingi na michanganyiko mbalimbali ya wachezaji.

Vilevile, wastani wa pointi wa ligi moja haulinganishwi na wa nyingine bila marekebisho, kwa sababu mechi ya FIBA huchukua dakika 40 na ya NBA dakika 48, na timu zinazocheza kwa kasi hupata zamu nyingi zaidi. Pointi 20 katika mechi ya zamu chache zinaweza kuwa kazi kubwa kuliko pointi 25 katika mechi ya kukimbizana.

Kwa jumla, mifano iliyochambuliwa inaelekea upande mmoja. Mfungaji mkubwa huwa na thamani ya juu kabisa pale mavuno yake yanapozidi yale ambayo wenzake wangepata kwa zamu zilezile, pale timu inapokosa mtu mwingine wa kutengeneza mtupo, na pale hofu ya wapinzani kwake inapowafungulia wenzake nafasi. Thamani yake hushuka sharti mojawapo linapokosekana, na inaweza kugeuka kuwa hasara yote matatu yanapokosekana, hata kama jina lake liko juu ya orodha ya wafungaji. Kwa hiyo tuzo ya mfungaji bora ina haki ya kubaki kama heshima ya ustadi, lakini isitumiwe kuwa jibu la swali la nani aliyeisaidia timu zaidi, wala isiwe kigezo pekee cha kumsajili kijana, kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa kuitazama timu nzima, ikiwemo ile ambayo ingekuwepo kama zamu zake angepewa mwingine.